Maganda ya Mama Yako Mdogo

Kigera, Musoma

Mwanangu mpendwa Boke,

Salamu nyingi zivuke Serengeti zikufikie huko chuoni Arusha. Unaendeleaje na afya? Sisi tunapumua. Baba yako mguu umepoa, anakusalimu. Kaka yako Benjamini anakusalimu, bado yuko na pikipiki zake. Robi anakusalimu, na katoto kake kameota meno. Bibi yako wa Nyegina anasema kwenye picha umekonda. Hata yule kuku wa kishungi yupo.

Mwanangu, mama yako mdogo Marieta alikuja kutoka Butiama na gunia la maganda ya ndizi. Akakaa kwenye kochi langu akatangaza kwamba umemwagiza yeye ayakaushe kivulini, eti mnayakamua dawa ya kupigana na kansa. Jirani Wambura akauliza itafikaje kwenye uvimbe. Marieta akajibu kama daktari: mnaifunga ndani ya vipunje vya wanga wa muhogo, vidogo jicho halioni, isiharibike njiani. Ila bado mnajaribu maabara, hajapewa mtu. Wambura akacheka, akamwambia basi Mama Boke ni wewe. Na mimi nimesimama pale na birika la chai!

Iliniuma. Sawa, ulikaa kwake miaka yote ya sekondari. Lakini kile kidonge cha malaria ulichokuwaga unatema, nani alikufichia ndani ya tonge la ugali? Hata huko kufunga dawa ulianzia kwangu. Kwani mimi sili ndizi?

Marieta akaniachia gunia nilipeleke basi la Arusha. Boke, usilisage. Alipoondoka tu, nusu ya maganda yake niliwapa mbuzi wa Wambura, nikajazia ya kwangu, niliyoanika juani kwenye bati, pale pale ninapoanikaga dagaa. Nilitaka na mimi niwemo. Jioni, nikishalipakia gunia kwenye basi, nikamuuliza Benjamini kijuujuu, akasema yakichanganyika vipimo vyote vinadanganya, kazi yako ya mwaka inaharibika. Gunia lilishapita Bunda.

Benjamini amekutumia meseji usisage. Sababu sikumwambia, wala Marieta hajui. Naandika mwenyewe, maana kwenye simu nitalia.

Wasalimie wenzako wa maabara. Nijibu haraka, hata kwa kunigombeza, ila useme unataka maganda mengine kiasi gani. Kivuli hata mimi ninacho: chumba chako nimeshakifagia, dirisha liko wazi.

Ni mimi mama yako, huyu wa Musoma,
Eufrasia