Vikapu Viwili vya Sangala Wadogo

Mpendwa mama,

Majibu yametoka. Nimeyasoma mara tatu hapa kazini, maabara ya samaki Bujumbura, kisha nikajifungia chooni nikalia. Ulikuwa sahihi, mama, na mimi ndiye niliyekuondoa sokoni.

Unaukumbuka ule mwaka macho yako yalipoanza kuingia ukungu? Kila asubuhi pale sokoni Rumonge uliketi na sangala wadogo, wale wasiozidi kiganja, ukiwapitishia kidole gumba kutoka mkiani hadi kichwani. Huyu kikapu hiki, yule kikapu kile. Mimi, msomi wako, niliona samaki wa aina moja tu. Wateja nao wakaanza kucheka chini chini. Niliona aibu. Ukaniambia, "Mutoto wangu, hizi iko mbili. Hii iko na magamba ndogo, na nyama yake inavunjika mu muchuzi. Shika na wewe."

Sikushika. Nilisema, "Mama, macho yamekwisha. Pumzika."

Nikakupeleka kwa dada kule Kigwena, nikidhani nimekuheshimu. Hukugombana nami. Ulikaa kibarazani mikono mapajani, wewe usiyejua kukaa bila kazi, ukimuuliza kila mgeni kama samaki wamepatikana. Niliona unavyonyong'onyea, nikajifanya sioni.

Siku yako ya mwisho sokoni nilikata vipande vya mapezi kutoka vikapu vyote viwili, nikavitia katika spiriti. Nilitaka kukuonyesha kwamba ni samaki yule yule. Sangala wakiwa wadogo hata wataalamu huwachanganya, ndiyo maana tunasoma alama chache katika vinasaba vyao, ambazo kila aina inazo kwa namna yake. Vichupa vikakaa kwenye friji, kazi nyingine zikatangulia, nawe ukafariki. Tumevipima mwezi huu. Kikapu hiki aina moja, kikapu kile aina nyingine. Hukukosea hata samaki mmoja.

Ungekuwapo ungenitania wiki nzima, na ningenyamaza nikusikilize.

Profesa anayetuongoza hapa maabara alitazama karatasi ya majibu, akauliza ni nani aliyewatenganisha. Nikasema ni mama yangu, muuza samaki. Akafurahi kweli, akachukua kalamu. "Mama yako iko wapi? Aje atufundishe basi, hata kesho."

Nikamwambia ulishafariki.

Nisamehe, mama. Mungu akupe nuru huko uliko.

Mwanao, niliyekukalisha bure.