Mke Wangu Hajui Kuwa Nahodha Wake Haoni Pembeni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia. Kama umenizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama sivyo tusameheane, maana ile picha yako gazetini ina kivuli na mtu hawezi kujua kama ni bibi au ni binti.

Mimi ni fundi wa majokofu, mke wangu ni mkunga, watoto wamekua wakaenda zao, na nyumbani tumebaki wawili pamoja na jokofu letu ambalo, ndiyo, ni bovu, na majirani wameshanicheka vya kutosha kwa hilo kwa hiyo wewe usiniongezee. Tuna boti. Si ya kitajiri, ni ya mitumba, ya kukaa watu wanne kwa kubanana, niliikuta imelala kifudifudi nyuma ya karakana ya mtu, injini imekufa, nikaifufua mwenyewe, na tangu hapo kila kiangazi Jumamosi zetu ni za bwawani. Bwawa lenyewe liko karibu, mayai ya kuchemsha tunatoka nayo nyumbani ya moto tunayala gatini ya moto, na tukiamua kulala kwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya pili bado tunaliona tangi la maji la mtaani kwetu, mpaka shemeji yangu hutuuliza hiyo ni safari gani ya kwenda kutazama mapaa ya kwenu kwa mbali. Hajui. Mimi najua.

Sasa kwenye boti hiyo tuna sheria, na ndiyo iliyonifikisha kwako. Kiangazi cha kwanza tuligombana majini, kisa mama yangu, Mungu amrehemu, tukagombana kwa moyo wote hata hatukuona boti inaingia kwenye matete, kasia likapotea, injini ikanyongwa na majani, tukarudi tukipiga maji kwa mfuniko wa sufuria, yeye analia na mimi nimenuna, halafu kufika gatini tukatazamana, tukaanza kucheka mpaka tukakaa chini. Hapo hapo tukala kiapo kwamba maneno ya nyumbani yanabaki gatini. Atakayeyapandisha botini, tukirudi ataiosha boti peke yake huku mwenzake amekaa na soda anamwonyesha palipobaki uchafu.

Mshauri, sheria hiyo ilitufaa. Majini tunakuwa watu wengine, mimi naimba vibaya, yeye ananitania, wahudumu wa gati wanatuita Maharusi. Lakini nyumbani, sijui tangu lini, tukaanza kuishi kwa kuingoja Jumamosi. Yeye ana zamu za usiku, mimi nina karakana, tukikutana jikoni ni umelipa umeme, gesi inaisha, basi, tunapishana kama wapangaji. Neno zito likija tunaliahirisha, na Jumamosi ikifika sheria inalizuia.

Mwaka huu nikaanza kugonga vitu. Bega kwenye kizingiti cha mlango, glasi iliyo karibu na kiwiko changu siioni mpaka ianguke. Nikaenda kwa daktari wa macho kimyakimya, mke wangu nikamwambia nafuata gesi ya majokofu. Daktari akasema ni presha ya macho, imekula kuona kwangu kwa pembeni, mbele naona vizuri tu lakini kushoto na kulia ni kama mtu anayechungulia kwenye kipande cha bomba. Kilichokwenda hakirudi, akasema, ila kuna dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, kila jioni bila kukosa, na akanikataza kuendesha gari au chombo chochote. Dawa naificha karakanani kwenye sanduku la spana, na kwa kweli jioni nyingine nafunga karakana nimeisahau.

Mke wangu sijamwambia, na linaloniuma ni kwamba kiangazi hiki ndicho kitamu kuliko vyote. Zamani alikuwa akikaa nyuma karibu yangu akifuma sweta lake, siku hizi amehamia mbele kabisa na njia nzima anazungumza, kila kitu anakionea raha, "Mzee wangu, lione lile boya kulia kwako lilivyochujuka," "Tazama yule ndege mweupe kushoto, kwenye kisiki," "Hee, hao wanaokuja na mtumbwi kulia wamevaa kofia kama masufuria!" Mwanamke ambaye nyumbani neno linamtoka kwa shida. Hata ufunguo wa gari siku hizi ananiomba, eti anataka kuizoea njia, nami namwachia na kufurahi kwamba sikuulizwa.

Jumamosi iliyopita alinyamaza kidogo tu, alikuwa ameinama anamenya yai, na mtumbwi wa vijana wawili ukatokea kushoto kama umedondoka kutoka mbinguni. Mke wangu akapiga kelele, "Kata kulia!" nikakata, boti ikalala ubavu, maji yakaingia, wale vijana wakanifokea, "Mzee, unaendesha umelala?" Mke wangu akawarudishia kwa ukali kwamba wao ndio hawana adabu. Lakini nilipozima injini animiminie chai, akasema, "Mume wangu, nataka kukuuliza kitu." Nikajua ni yale ya dada yake anayetaka kuja kukaa kwetu. Nikacheka, nikamwambia, "Leo utaosha boti!" Akasema, "Basi nitaosha." Nikawasha injini.

Mwisho wa mwezi binti yetu anakuja likizo na mjukuu wetu wa kike, na mtoto huyo ameshaahidiwa boti, kila akipiga simu anauliza kama boti inalijua jina lake. Nikimwambia mke wangu ukweli boti itauzwa, na ikiuzwa tunabaki na nini, wapangaji wawili na jokofu bovu. Nimefikiria nimalizie kiangazi hiki kimoja tu, niende taratibu, nishike ukingoni, halafu mvua zikianza nimwambie. Na hata nikisema nimwambie, nimwambie wapi, nyumbani ambako hatuzungumzi au majini ambako hairuhusiwi? Nisaidie, mshauri. Nampenda mke wangu na ninaogopa.

Ni mimi,
Nahodha wa Jumamosi

MSHAURI ANAJIBU

Nahodha, shikamoo nimeipokea, na umri wangu niachie mwenyewe. Barua yako nimeipitisha mbele ya wenzako walioandika kabla yako, nao watanisamehe, kwa sababu mtoto akishaahidiwa boti hangoji foleni.

Kwanza pole, na ni pole ya kweli. Kuambiwa kwamba kilichokwenda hakirudi, ukatoka pale peke yako, ukarudi karakanani kufungua majokofu ya watu kana kwamba hakuna kilichotokea, huo ni mzigo, na umeubeba bila mtu wa kukupokea. Ningekuwa jirani yako ningekuletea kiti ukae.

Sasa tugombane. "Nimalizie kiangazi hiki kimoja tu." Una akili timamu wewe? Wale vijana wa mtumbwi wana mama zao. Na huyo mjukuu ungemkalisha wapi, kushoto usikoona au kulia usikoona? Unaniambia utashika ukingoni, na ukingoni ndiko watoto wa watu wanakoogelea! Tangu leo usiguse usukani, wa boti wala wa gari. Hili wala si ushauri wangu, alishakuambia daktari, ila ulimsikia kwa sikio moja.

Halafu chukua barua yako uisome tena. Mimi niliposoma mara ya pili niliiweka mezani nikavua miwani. Mwanamke aliyezoea kukaa nyuma na sweta lake amehamia mbele, na njia nzima anakutajia boya, ndege, mtumbwi, na kila anachokitaja hakosi kukuambia kiko kulia au kushoto. Anaomba ufunguo ili aizoee njia, njia aliyoipita kila kiangazi tangu mnunue hiyo boti. Dakika aliyonyamaza amenye yai, mlikaribia kuua watu. Ndugu yangu, unadhani mwenzako anafurahia mandhari? Huyo anaendesha boti kwa mdomo. Mkeo anajua. Jina la ugonjwa huenda halijui, lakini bega lako kwenye kizingiti amelisikia, na glasi zilizovunjika ndiye anayezifagia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe kati ya watu wote umekwenda kumficha mkunga!

Na alitaka kusema. Wewe ukamtolea sheria. Akaikubali adhabu, akawa tayari kusugua boti nzima peke yake ilimradi apate kuuliza swali lake, na jibu lako likawa kuwasha injini. Unasema ulidhani ni habari za dada yake. Sawa, nakuamini, lakini hata za dada yake zilistahili kusikilizwa, maana huyo dada naye anangoja jibu tangu sijui lini. Hapo nilikasirika sana. Nimekunywa maji, nimepoa, tuendelee.

Simwachi na yeye. Kama gazeti hili linaingia nyumbani kwenu, na asome: mama, kukaa mbele ya boti na roho mkononi kila Jumamosi ili mume asione aibu ni mapenzi, sikatai, lakini ni mapenzi yanayoweza kuzamisha watu. Ungesema tangu siku ya kwanza. Boti ingeoshwa, maisha yangeendelea.

Nahodha, sheria yenu haikuwa mbaya ilipoanza. Mlikuwa mnagombana mkahitaji mahali pa kupumzika. Kosa ni kwamba maneno mliyoyaacha gatini hakuna aliyerudi kuyachukua. Yamelundikana pale miaka yote hiyo, nanyi mnayaruka kila mkipanda. Kwa hiyo msichokuwa nacho si boti, ni siku ya kuzungumza nyumbani. Iwekeni. Iwe jioni moja kila wiki ambayo mkeo hana zamu, na redio izimwe. Zungumzeni kwanza habari ya dada yake, mjifunzie kwenye jambo jepesi kidogo.

Boti nani kasema inauzwa? Mkeo ameshajifunza kila kisiki cha bwawa lile kwa woga, sasa acha alijifunze kwa raha. Mpe usukani. Mfundishe injini, wewe ni fundi, acha uchoyo. Mjukuu wako atapanda, tena atavaa jaketi la kujiokolea lililomkaa sawasawa, nahodha atakuwa bibi yake, na wewe utakaa katikati ukiimba vibaya kama kawaida yako. Ukiona aibu mbele ya wahudumu wa gati, ivae hiyo aibu Jumamosi mbili tatu, itazoeleka.

Dawa itoke kwenye sanduku la spana leo hii. Iweke bafuni karibu na mswaki, mkeo ajue saa yake, maana jioni unayoisahau ndiyo inayokula kilichobaki. Kliniki ijayo nendeni wawili. Na binti yako akifika, yeye na ndugu zake wote wakapimwe macho, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo, na ukiwahiwa hudhibitiwa. Ona sasa siri yako ilivyokuwa inawafuata na watoto.

Umeniuliza umwambie wapi. Mwambie nyumbani, jikoni, siku atakayorudi kutoka zamu, akishalala, akaamka na kula, kabla binti yenu hajafika. Usimwambie akiwa amesimama mlangoni, na usianze kwa kusema kuna jambo dogo, kwa sababu si dogo. Mvutie kiti. Mwambie hivi: "Mke wangu, sioni pembeni, daktari ameshaniambia, na nimekuficha kwa sababu naogopa nyumba hii bila boti tutakuwa hatuna la kuambiana." Mwanzo wake utautamka bila shida, maana moyoni umeshaufanyia mazoezi. Hayo ya mwisho ndiyo yatakayokukwama kooni. Usiyameze.