Simu Imemtazama Baba Mkwe

Shangazi Arafa, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba barua hii isisomwe Jumapili, maana Jumapili baba mkwe wangu huketi uwani na redio yake na kipindi chako hukisikiliza mpaka mwisho. Majina yote humu nimeyabadilisha na kata sitaitaja, ila aibu ni ile ile.

Mimi ni mwalimu, Msukuma wa Biharamulo niliyeolewa kwa Wahangaza huku Ngara, nafundisha lile somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, na kwa kuwa vitabu havijatufikia vya kutosha nikaanza kupanda bodaboda siku za gulio mpaka Rusumo ambako mtandao unashika, nakaa kwenye banda la chai katikati ya madereva wa malori napakua video za historia, nazirudisha shuleni, tunatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta, na Shangazi, sijawahi kuona watoto wanasoma vile, hata wale wa nyuma waliozoea kusinzia sasa wanagombea viti vya mbele.

Ipo video moja ya kuyeyusha chuma kwa njia za zamani, watu wanajenga tanuri la udongo, wanapanga makaa na mawe ya chuma, wanavukuta mpaka kinatoka chuma chenyewe kinawaka, na darasa likaomba irudiwe, tukairudia, halafu binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi huku tulifua?" nami nikaenda kulikunja shuka, si kwamba sijui, bali jibu ninaishi nalo mji mmoja. Baba mkwe wangu, tumwite Mzee Juvenali, ni mjukuu wa mhunzi, na alipokuwa mtoto alivukuta mivukuto kwenye tanuri la babu yake, na waliouona moto ule wengine wote wameshazikwa.

Lakini katika ukoo huu mkwe wa kike hasimami mbele ya baba mkwe wala hamtazami usoni, jina lake halitamki, hata hili la uongo naliandika mkono unasita, sasa ningewezaje kumshikia simu na kumwambia baba geuka kidogo, baba rudia hapo? Basi jioni moja nikamtuma binti yangu amuulize babu yake habari za chuma, simu nikaiegemeza kwenye kapu la maharage dirishani mwa jiko, nikaiwasha, kisha nikageuka nikamenya ndizi nikiwa nimeupa uwa mgongo kama inavyotakiwa, nikijiambia, Kwandu, wewe hujamtazama, simu ndiyo inayomtazama.

Shangazi, mzee yule anajua kusimulia. Anaigiza sauti ya mivukuto kwa mdomo na mikono inapanda na kushuka, anaimba wimbo waliouimba wakivukuta ili wasichoke, na alipofika pale babu yake alipompa jembe la kwanza alishike, likiwa bado na joto, limefungwa majani ya mgomba, sauti ikakatika na machozi yakamtoka. Nimeitazama video hiyo sijui mara ngapi. Miaka yote niliyokaa kwenye mji huu nilijua miguu yake na kikohozi chake tu, usoni nilikuwa sijamwona, kumbe ana kovu dogo juu ya jicho, kumbe anacheka kama mume wangu. Nilimpenda, Shangazi, kama baba aliyenizaa.

Niliionyesha darasani. Ilipoisha walipiga makofi wakaenda makwao kuwauliza wazee wao, na sasa mkuu wa shule anataka tuiweke kwenye ukurasa wa shule mtandaoni kabla hatujafunga, na binamu ya mume wangu ni wakala wa forodha pale Rusumo, anashinda na simu mkononi, video hiyo itamfikia mzee kabla ya chakula cha jioni. Mume wangu Frednand anasema, "Weka tu, mzee mwenyewe hana simu." Mimi usingizi umenipaa. Akikasirika hatasimulia tena na yote aliyobaki nayo ataondoka nayo, na mimi nitakuwa nimemvunjia heshima mtu ninayemheshimu kuliko wote. Nifanyeje?

Mwalimu Kwandu, Ngara

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma Jumatano, kwa hiyo pumua.

Nianze na haki yako. Mwalimu wa kwenda Rusumo kwa bodaboda kutafuta somo katikati ya moshi wa malori ni wa kupewa mkono. Wapo ambao wangeandika ubaoni "wahenga walifua chuma", wakafuta mikono, wakaenda kunywa chai. Wewe umewaonyesha watoto tanuri la watu wengine, wakageuka kuulizia la kwao, na sijui kama video ya mtandaoni inaweza kufanya kazi nzuri zaidi ya hiyo. Hapa sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa, nakupongeza kwa moyo wangu wote.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Simu haijaolewa, mwanangu, wewe ndiye umeolewa. Aliyeiegemeza dirishani ni wewe, na aliyemtuma mtoto ni wewe, hivyo huo mgongo ulioupa uwa ulikuwa wa kujidanganya mwenyewe. Unafundisha Historia na Maadili. Historia umeingia nayo darasani, maadili umeyaacha jikoni na maganda ya ndizi.

Tena wewe unahangaika na kumtazama, mimi nahangaika na yale machozi. Mzee alilia mbele ya mjukuu wake uwani kwake. Hakujua kwamba analia mbele ya darasa. Kumwona uso huenda akakusamehe siku hiyo hiyo, maana hata wazee wanajua dunia ya sasa. Ila kumtolea machozi yake nje bila kumuuliza, hilo lazima ulibebe wewe na uliseme wewe.

Na huyo Frednand mwambie Shangazi amemsikia. Baba yake hana simu, kwa hiyo asiulizwe? Asiye na simu ndiye wa kuulizwa kwanza, kwa sababu hana pa kujiona anavyoonekana kwa watu.

Fanya hivi. Kesho asubuhi mwambie mkuu wa shule video haiwekwi popote mpaka mwenyewe aseme. Akikuharakisha, mwambie somo halijakamilika, na hutakuwa umesema uongo. Kisha nenda kwa mama mkwe wako, maana kwa mkwe wa kike mlango ni huo, umweleze yote bila kupunguza, hata kapu la maharage. Yeye ndiye anayejua mumewe huambiwa mambo saa ngapi. Usiende mikono mitupu. Kinachobebwa huko kwenu mimi Mwislamu sikitaji, mnakijua wenyewe.

Baada ya hapo Frednand akae na baba yake, amwonyeshe video yote kabla ya kumwomba lolote. Aone kwanza. Ajisikie akiimba. Akitaka kipande cha machozi kikatwe, kikatwe. Akitaka jina lake na la babu yake yaandikwe, yaandikwe, na yaandikwe vizuri. Akikasirika, mwacheni akasirike, asijibiwe hata neno. Mimi nina matumaini naye, kwa sababu mzee anayemwimbia mjukuu wimbo wa mivukuto hataki kuzikwa nao. Na akikubali, wanafunzi waende kumshukuru, kila mmoja kwa mdomo wake, kwa shikamoo.

Akikataa, ifute. Futa ya shuleni, futa na hiyo unayoitazama peke yako. Utalia, najua, na mimi nitasikitika, maana tangu nimalize barua yako natamani kumsikia huyo mzee. Lakini uso ni wake.

Shangazi Arafa