Vitumbua vya Bibi wa Magofuni

Kwako Zuhura, mwenzangu wa utotoni,

Namba yako ya Maskati haipatikani, na mtu niliyempa ujumbe akuletee amerudi nao. Ndiyo maana nakuandikia hapa gazetini, mbele ya kadamnasi. Ukinuna, nuna.

Unakumbuka siku mama yako alipotutuma tumpelekee shangazi yako vitumbua Kaole? Tulikuwa na miaka tisa. Tulipofika kwenye magofu tukakaa kivulini kupumzika, tukaonja kimoja kimoja, na tulipokuja kushtuka bakuli lilikuwa tupu. Nikaanza kulia. Wewe ukajifuta mdomo kwa mtandio, ukasema, "Nyamaza. Tumekutana na bibi."

Njia nzima ya kurudi Dunda ulikuwa ukimtengeneza bibi huyo: kanga nyeupe, harufu ya udi, sauti ndogo, njaa ya siku nyingi. Mimi nilichangia kitu kimoja tu, kwamba hakuwa na viatu.

Mbele ya mama yako ukaongeza jambo ambalo hatukupanga. "Kasema tukwambie, uliyemngoja anarudi." Baba yako alikuwa ameondoka kwenda Pangani tangu mwezi wa mfungo, bila habari. Mimi nilifurahi tu kwamba fimbo imetukosa. Ijumaa yake baba yako akaingia uani na mfuko wa machungwa. Ilikuwa bahati, lakini nani angethubutu kumwambia hivyo mama yako?

Tangu hapo kila Alhamisi tulipewa vitumbua sita na ubani, tumpelekee bibi shukrani. Tulivila vyote. Ustadhi wa madrasa aliposikia akasema ni ushirikina; mama yako akaacha ubani, vitumbua akaendelea navyo. Tulinenepa mwaka ule.

Sasa mama yako magoti hayamfikishi hata sokoni. Tangu ulipoacha kupiga simu, huu mwaka wa pili, ameanza tena kukaanga. Ananiita kila Alhamisi: "Tatu mwanangu, mpelekee bibi. Mwambie na Zuhura amrudishe." Nami napanda bodaboda mpaka Kaole, mtu mzima mwenye watoto, nakaa pale pale tulipokaa.

Wiki iliyopita nilidhamiria kumwambia ukweli. Nikaketi karibu naye jikoni, nikaanza, "Mama, yule bibi wa magofuni..."

"Hakuwa na viatu, masikini," akanikatiza. Akatoa chini ya kiti kandambili mpya za bluu. "Mpelekee na hizi. Labda ndiyo maana anachelewa."

Nilizipokea. Ningefanya nini?

Sikulaumu kwa uongo ule. Ulimsikia mama yako akilia kwa kumngoja baba yako, ukampa maneno, na ulikuwa mtoto. Siku hizi nina hasira nawe, na ninakukumbuka, vyote pamoja. Ila hadithi ile uliianza wewe, na mimi siwezi kukumalizia. Kama mambo yamekuharibikia huko, hatutauliza. Piga simu, hata dakika moja, useme kazi zimekubana. Kutunga unajua.

Kandambili ziko chini ya kitanda changu. Vitumbua vya Alhamisi hii vilikuwa sita, kama zamani. Nimekula vitatu vyangu. Vyako nimewaachia kunguru.

Salamu kutoka nyumbani,

Mwenzako wa bakuli moja,
Tatu