Injini ya Kisima Imelishwa Mafuta ya Kupikia

Alhamisi, jioni, Kakuma. Upepo umevuma tangu asubuhi na macho yananiwasha. Moyo nao umekataa kutulia.

Naandika nikiwa kwenye kitanda cha gesti. Begi la vyombo vya kazi liko mlangoni, limeshafungwa. Kuna chapati hapa pembeni, naiangalia tu.

Wanaonijua wanasema wasiwasi nilizaliwa nao. Ni kweli. Nikipika chai lazima nionje mara mbili nihakikishe sikutia chumvi badala ya sukari. Lakini leo nina sababu, na sababu yenyewe ni injini moja ya dizeli iliyoko kwetu, mbele ya Kaaleng, inayovuta maji ya kisima. Msimu huu wa ukame hakuna maji mengine ya mifugo karibu. Kuna kisima cha pili, ila kiko upande ambao vijana hawaendi bila bunduki. Injini hii ikifa, vipuri vitatoka Kitale, na sijui vitafika lini. Mama yangu anaishi pale na mbuzi wake wote.

Mimi ni fundi wa nozeli. Karakana yetu iko Lodwar, lakini wiki hii niko Kakuma kwa sababu jenereta za wafanyabiashara wa kambi ya wakimbizi zimekuwa zikikohoa.

Nozeli, kwa asiyeijua, ni kitu kidogo cha chuma chenye matundu membamba kuliko unywele. Pampu inasukuma dizeli kwa nguvu nyingi mno, dizeli inapita kwenye yale matundu na kupasuka vipande vipande, inakuwa matone madogo yanayoelea kama vumbi nyuma ya mbuzi. Hapo ndipo inachanganyika na hewa ya moto na kuwaka yote. Tone likiwa dogo, linawaka kabla halijagusa kitu. Tone likiwa kubwa, linaruka moja kwa moja hadi kwenye ukuta wa silinda, linaulowesha, halafu linateremka chini na kuingia kwenye oili inayolainisha injini. Kazi yangu yote ni kulifanya tone liwe dogo. Naipenda mno kazi hii, wala sioni haya kusema.

Wiki iliyopita Mjomba Ekiru alikuja Lodwar. Ni mdogo wake mama, na ndiye anayeiendesha injini ya kisima. Alikuwa amebeba nozeli tatu ndani ya soksi. Alisema injini inatoa moshi na kugonga. Nilipozifungua niliona weusi ule si wa kawaida. Masizi ya dizeli huwa makavu, unayapangusa. Haya yalinata kwenye vidole kama ubani uliotafunwa. Nikamuuliza dizeli wananunua wapi. Akajibu, kule kule. Nikamwamini. Nani anamhoji mjomba wake mara mbili?

Nikazisafisha, nikazifunga kwenye mashine ya kupimia, nikavuta mkono wa mashine taratibu. Zote tatu zililia ile sauti yao ya mkwaruzo, na mpulizo ukatoka sawa pande zote, bila tone lililoning'inia nchani. Mjomba alicheka kama mtoto. Kamati ya maji ilitaka kumpa kazi hiyo fundi mwingine, ni yeye aliyesimama akasema mtoto wetu yupo. Akaondoka na soksi yake.

Leo mchana nilikwenda kula kwa Mama Nyandeng, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini ambaye kibanda chake kiko kando ya soko la kambini. Mimi ndiye niliyemjulisha Mjomba kwake, maana akija kuuza mbuzi Kakuma anahitaji mahali pa kupumzika. Mama Nyandeng aliniwekea sahani, akaanza kumsifu.

"Akai, huyo mjomba yako mtu mzuri sana, wallahi. Juzi alikuja tena kwa zeit."

Zeit kwao ni mafuta. Nikamuuliza mafuta gani.

"Hii hii ya kupika, ya mgao wa kambini. Alibeba mitungi. Anasema mashine ya maji inakunywa hiyo, inafanya kazi kweis kabisa!"

Nilisimama na tonge mkononi.

Sasa nikakumbuka ule weusi wa kunata. Dizeli ya kamati huwa inachelewa, watu na mifugo hawajui kusubiri, na Mjomba si mjinga. Mafuta ya kupikia yanawaka, kila mtu aliyewahi kuunguza sufuria anajua. Akajaribu kidogo, akachanganya na dizeli, injini ikaitika. Ubaya wake ni huo, kwamba inaitika. Lakini mafuta yale ni mazito. Ukiyasukuma kwenye matundu ya nozeli hayapasuki vizuri. Yanatoka kama mate ya mtoto anayejifunza kutema, marefu na mazito, na yote yanaishia ukutani. Injini ikiwa bado haijapata moto ndiyo mbaya zaidi. Kila asubuhi inapowashwa, sehemu ya mafuta hayo inateremka kwenye oili. Siku moja oili inageuka kama uji uliolala, haipiti tena, vyuma vinasagana, na hapo hakuna nozeli wala fundi wa kusaidia.

Alinificha. Kama mgonjwa anavyomficha daktari kwamba alikunywa dawa ya jirani. Nilikasirika, kisha nikaogopa, kisha nikakasirika tena.

Nikaanza kupiga simu. Haipatikani. Kule kwetu mtandao upo kwenye kilima kimoja na karibu na tangi la maji, tena ukisimama upande fulani. Nilipiga nikiwa natembea, nilipiga nikiwa mbele ya jenereta ya mteja aliyekuwa ananitazama kama nimechanganyikiwa. Mteja nilimwomba radhi, nikaondoka bila kumaliza.

Saa kumi ikaita.

"Ejok, Akai!" Mjomba alipokea kwa furaha. Tuliongea Kiturkana, naandika ninavyokumbuka. Sikumsalimia vizuri. Nilimuuliza moja kwa moja kuhusu mafuta ya kupikia. Akasema, "Ni kidogo tu. Na injini iko sawa. Sikia mwenyewe."

Akaipeleka simu kwenye injini. Ndivyo tunavyofanya kazi na watu wa visima vya mbali, fundi anasikiliza kupitia simu kwanza kabla hajapanda gari. Nikaziba sikio la pili, nikafumba macho. Nilisikia mngurumo, na ndani yake kitu kama kugonga. Au simu yake inakwaruza, maana kioo chake kimepasuka na spika nayo ina mchanga. Nyuma yake nikasikia kengele za ng'ombe na mtoto anayecheka na maji yakimwagika kwenye birika la mifugo.

Nikamwambia apime oili kwa kijiti chake. Akarudi akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, kwamba oili imejaa, imepita hata alama. Nikamuuliza kama aliongeza. Akasema labda, siku ile aliyorudi kutoka Lodwar, hakumbuki.

Hakumbuki! Kama hakuongeza, basi ni mafuta yale yanayoteremka, na injini imebakisha siku chache. Kama aliongeza, basi pengine hakuna kitu, na mimi ni mtu wa wasiwasi tu kama wanavyosema.

"Mjomba, zima," nilisema.

"Ng'ombe wako kwenye foleni, Akai."

"Zima. Usiiwashe mpaka nifike."

Alibishana. Aliniambia nije mimi niwaambie wenye ng'ombe. Nikamwambia nitakuja. Nikamsikia akitembea, kisha mngurumo ukashuka ukakatika. Na pale nikasikia watu. Kwanza mmoja akiuliza, halafu wengi, wakipiga kelele juu ya kelele. Jina langu lilitajwa.

Halafu mama akaichukua simu. Sikujua kama yuko pale.

"Akai, mbuzi wangu ndio walikuwa wanafuata."

Nilisema najua, ingawa sikujua. Akasema sawa, akamrudishia Mjomba simu, na mtandao ukapotea.

Ile sawa yake ndiyo ninayoisikia tangu saa hiyo.

Nimenunua dizeli safi, oili, na chujio jipya. Dereva wa lori la mahindi amekubali kunibeba alfajiri. Tutamwaga kila kitu kilichomo ndani ya tangi la mafuta, nitazifungua nozeli zangu moja moja, na kama Mungu akipenda maji yatatoka kesho jioni au keshokutwa. Watu watachimba mchangani kwenye lugga, ule mto uliokauka, wapate ya kunywa. Mifugo italala na kiu leo, pengine na kesho, kwa neno langu mimi niliyekuwa nimekaa Kakuma na simu sikioni.

Dada yangu amenitumia ujumbe kwamba watu wanasema nimesoma nikawasahau. Sijamjibu.

Miaka yote hii, kila nikifungua nozeli naomba niikute safi. Usiku wa leo, Mungu nisamehe, naomba hizi tatu nizikute chafu.