Neno Lililowakosesha Chanja

Mkuyuni, Mwanza

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Nyangeta aliniambia limeanza tena kukusumbua ukiinama, na najua hujalipumzisha hata siku moja. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umechafuka. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu haiwezekani. Kila nikikupigia nasikia "shii, toka hapo!" na sijui kama unaniambia mimi au kunguru wanaovizia dagaa wako. Kwa hiyo wewe Nyangeta, mdogo wangu, msomee Mama polepole, usiruke maneno kama kawaida yako.

Mama, nimekasirika, na mtu wa kwanza kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Unajua kazi yangu hapa ni kutafsiri maswali ya Kiingereza ili tukawaulize watu wa mialoni, huko mitumbwi inakoshushia samaki. Mwezi uliopita lilikuja dodoso la kuchagua vikundi vya wanawake watakaopewa chanja za kuanikia dagaa. Maswali kumi ya kwanza niliyamaliza kabla ya chai. La kumi na moja lilikuwa na neno "focus", nikakaa nalo siku tatu.

Neno hilo halitulii, Mama. Mpiga picha wa hapa mtaani akisema picha haina focus, anamaanisha ina ukungu. Meneja wetu akisema focus ya mradi ni akina mama, anamaanisha ndio waliolengwa. Akinikuta nimegeukia dirishani ananipigia kelele, "Adela, focus!" na hapo anataka niache kuangalia nje. Kamusi nayo ikanimwagia kitovu, kiini, lengo, kuzingatia, kukaza macho. Kichwa kikaniuma. Mwisho nikaandika: "Je, unaweza kuweka akili yako yote kwenye jambo moja kwa muda mrefu, bila kuangalia kitu kingine?" Meneja akasoma, akasema safi sana. Nami nikavimba kichwa.

Tukaenda kwenye mwalo mmoja upande wa Magu, ukishapita Kisesa, kwa kikundi cha Mama Kulwa. Ungempenda. Alinijibu maswali yote huku anageuza dagaa mchangani, mjukuu yuko mgongoni, uji uko jikoni, na kila baada ya jibu anatazama wingu lililokuwa linapanda kutoka ziwani. Nilipofika la kumi na moja aliacha kugeuza, akanitazama.

"Kitu kimoja tu?"

"Ndiyo, Mama. Kimoja tu."

Akacheka. "Mwanangu, we umelelewa wapi? Nikikaa naangalia kitu kimoja, kunguru nani atawafukuza? Mvua nani ataiona? Andika hapana."

Nikaandika hapana. Wenzake wote wakasema hapana, tena kwa kujisifu. Na mimi, niliyekulia kwenye mchanga wa dagaa, niliyechapwa na wewe kwa sababu nilikuwa nafuma kitambaa mpaka ndege yangeyange wakala nusu ya dagaa tulioanika, niliandika hapana kumi na nne wala sikushtuka! Nilikuwa nahesabu kurasa zilizobaki.

Juma lililopita majibu yakatoka. Kikundi cha Mama Kulwa kimeshika mkia. Imeandikwa kwamba wanachama wake hawana umakini wa kazi, na chanja zimepangiwa wengine. Hawana umakini! Wanawake wanaoona wingu kabla halijawa wingu. Masika yaliyopita dagaa wao walilowa mchangani, wakaishia kuwa chakula cha kuku, na wasipopata chanja yatawakuta hayohayo.

Ndiyo maana nilikupigia Jumanne na lile swali lililokushangaza. Nilikuuliza kama unaweza kuangalia jambo moja tu, ukanijibu, "Na mengine nimwachie nani?" kisha ukakata simu ukafukuze mbuzi. Nilikaa na simu mkononi, nikalia.

Kesho yake nikaenda kwa meneja. Nikamwambia kwa mwanika dagaa kuangalia kitu kimoja tu ndio uzembe, kwa hiyo swali letu limewauliza wale mama kama ni wazembe, wakakataa, sisi tukaandika wamekubali. Akasema, "Adela, umepoteza focus. Ripoti inaondoka Ijumaa." Nikamwambia basi na iondoke na barua yangu juu yake. Nikaandika kwamba kosa ni langu, si la wale mama, na nikaweka sahihi. 

Kikundi kimerudishwa kwenye orodha. Ataenda mtu mwingine kuwauliza upya, na swali la kumi na moja limefutwa. Mimi nimeambiwa nisitegemee mkataba mpya mwezi huu ukiisha. Najuta? Kwa barua sijuti. Najutia siku ile mwaloni, nilivyosimama mbele ya mtu anayefanya kazi yako ileile na nisikuone.

Barua hii anakuja nayo mama mdogo Bhoke, yule mke wa baba mdogo anayeuza vitenge, na usimwache aondoke bila kula. Msalimie babu, mwambie redio yake nimepata fundi. Msalimie kaka Magesa na wifi, na bibi mkunga wa jirani, aliyenipokea duniani. Nyangeta, nawe ubaki na adabu.

Kitu cha mwisho, Mama. Zamani nilikuwa nakasirika nikikueleza jambo la maana na wewe hugeuki. Nilidhani hunisikii. Lakini kila nilichokuambia ulikikumbuka, hata jina la mwalimu aliyenionea darasa la pili. Kwa hiyo usikae chini kwa ajili ya barua hii. Endelea kuanika, Nyangeta akufuate nyuma anasoma.

Ni mimi mwanao,
Adela