Kwa Lyuben, Aliyeuliza Habari za Moyo Kabla ya Jino

Mwaka umetimia, Lyuben, tangu asubuhi ile ya Machi ulipofumba macho kwenye kitanda cha dirishani, figo zikiwa zimeacha kufanya kazi. Leo mkeo Nevena amechemsha ngano ya kumbukumbu, ameipeleka kaburini, amekumiminia divai kidogo. Kaka yako Stamen amebandika mlangoni karatasi mpya ya tanzia yenye picha yako. Ile ya miezi sita ilikuwa imeliwa na mvua.

Tumechoka, hatukufichi. Kufiwa kuna kazi nyingi kuliko tulivyodhani.

Ulikuwa daktari wa dawa za usingizi, na miaka yako mingi uliwapa watu wanaomwogopa daktari wa meno. Walikuja wanaume wenye vifua vipana wakitetemeka kitini kama kuku walionyeshewa. Hukuwacheka. Kabla ya kugusa sindano ya kutuliza, ulivuta kigoda ukakaa chini kuliko wao, ukauliza: Umewahi kuzimia? Moyo hukurukaruka? Kuna mtu kwenu alikufa ghafla angali kijana? Unameza dawa gani? Kisha ukawabandika nyaya kifuani, ukausoma mstari wa moyo polepole, kidole juu ya karatasi. Jioni ulirudi kwetu umechelewa. Supu uliinywa imepoa, na hukutaka ipashwe.

Maswali hayo uliyapata kwa Asen, seremala wa miaka ishirini na sita. Yeye hukumuuliza. Ulimtuliza kama wengine, mapigo yakavurugika, moyo ukasimama. Ulimkandamiza kifua dakika arobaini. Baadaye ikajulikana alizaliwa na kasoro moyoni. Mahakama ilisema huna hatia, wewe hukukubali. Miaka kumi na tisa tulikula na marehemu huyo mezani. Kuna siku tulikuchoka, na hilo pia tunalikiri leo.

"Baba Bilyana, mwache alale," Nevena alikuambia. "Nawe ulale."

"Nikimwacha, nitasahau kuuliza."

Ndipo akaja Penka, mwoka mikate, shavu limevimba, meno matatu yameoza. Mara mbili alikuwa ametoroka kwa Bozhkov, daktari wa meno, kabla ya kinywa kufunguliwa. Safari ya tatu alikaa. Ulipomuuliza habari za kuzimia, alijaribu kutania: "Mimi? Hata saa ya kuniamsha ikilia naanguka. Mume wangu husema nimezaliwa mvivu."

Hukucheka. Ukamuuliza juu ya ndugu zake. Dada yake, akasema, alilala na homa akiwa na miaka kumi na saba, hakuamka.

Mstari wake ulikuwa mrefu pasipotakiwa. Moyo ulichelewa mno kujiandaa kwa pigo lililofuata. Hofu peke yake ingeweza kuuvuruga, na baadhi ya dawa za kutuliza zingeuchelewesha zaidi. Ukarudisha sindano kwenye sinia.

Bozhkov alikuita pembeni. "Daktari, huyu leo kakaa. Ukimwachia, hatumwoni tena."

"Na nikimlaza hapa, huenda pia tusimwone tena."

Penka aliwaka. "Sijala tangu jana. Nimelia njia nzima. Halafu unaniambia nivae koti?"

"Vaa, dada. Tunakwenda wote."

Ulimpeleka kwa gari lako hadi mjini Plovdiv, kwa madaktari wa moyo, njia nzima akikutukana. Wiki tano alimeza vidonge vya kuutuliza moyo. Meno yakang'olewa hukohuko hospitalini, daktari wa moyo amesimama kando, simu zote zimetolewa nje zisije zikalia na kumshtua, wewe ukimpa dawa tone kwa tone huku ukimsimulia habari za nyanya zako. Alipozinduka alikuuliza lini mtaanza.

Bozhkov hakukuita tena kazini. Alisema unawatisha wateja. Madaktari wengine wawili wa meno wakafanya kama yeye. Ulikaa barazani na magazeti, miguu imevimba, ukasema tu, "Basi, na wapumzike na maswali yangu." Tulijua lilikuuma. Tukakuletea chai.

Juzi Penka alimsimamisha Nevena sokoni, akamshika mkono asiuachie. Wale madaktari wa Plovdiv walitaka kumpima na binti yake, Rositsa, wa miaka kumi na mitatu, na mama mtu alikuwa akiahirisha mwaka mzima kwa woga. Majira ya baridi hatimaye alimpeleka. Mtoto ana moyo kama wa mama yake, na kama wa yule dada wa mama yake aliyelala asiamke. Sasa anameza kidonge kila asubuhi. Anasoma, anagombana na mwalimu wa hesabu, amerefuka kumpita mama yake.

Hakuna mwingine wa kukuletea habari hii, ndiyo maana tumeiandika hapa.

Wanaokukumbuka: mkeo Nevena, binti yako Bilyana na mumewe Ognyan, mjukuu wako Kalina, na kaka yako Stamen. Pumzika, Lyuben. Siku zote uko nasi.